Yakhe, Hebu Irejeshe Pale

Neno taarab, ambalo sisi watu wa pwani tulilipokea kutoka kwa Waarabu na kulivika mavazi yetu wenyewe, hata mtu akilisikia leo haifikirii asili yake bali hufikiria ukumbi wenye viti vilivyopangwa safu safu, harufu ya asumini na udi, na wapiga fidla waliokaa kwa adabu nyuma ya mwimbaji, huko lilikotoka halikuwa jina la chombo wala la kikundi wala la wimbo. Tarab ni ile hali inayomshika msikilizaji: mtikisiko wa furaha, au wa huzuni, au wa vyote viwili kwa mpigo mmoja, unaompokonya mtu utawala wa nafsi yake kwa kitambo kidogo, akajikuta ametamka "Allah!" na hali hakukusudia kutamka kitu. Waliouita muziki huu kwa jina hilo hawakuuita kwa jina la anayepiga. Waliuita kwa lile linalompata anayesikia. Nami kila nikilizingatia jambo hili huniingia yakini kwamba mtu anayetarabika peke yake chumbani, mlango umefungwa, amepata tarabu pungufu, kwa kuwa lile neno limemtoka kinywani na halikukuta sikio la kulipokea.

Nayasema haya kwa sababu mwezi huu wote nimeshikwa na bashrafu moja. Bashrafu, kwa wasioizoea, ni kipande kinachopigwa pasi na kuimbwa, aghalabu mwanzoni mwa hafla, kabla mwimbaji wa kwanza hajasimama. Jina lake na umbo lake vilitujia kutoka kwa Waturuki, vikapita Misri, vikatua Unguja, na hapa vikapata makazi ya kudumu. Hii ninayoisema ilirekodiwa zamani, na ndani yake mna mchakarisho kama wa mvua nyepesi juu ya makuti. Ganuni huanza peke yake, ikatembea hatua tatu nne kama mgeni anayeingia nyumba asiyoijua, kisha fidla zote huitikia kwa pamoja, na nyumba ikawa ina wenyewe. Naisikiliza alfajiri kabla ya kahawa, naisikiliza jioni nikitoka msikitini, na hata pale ninapokuwa siisikilizi huwa inaendelea mahali fulani nyuma ya masikio yangu. Jina lake sitalitaja hapa. Si kwa choyo. Ni kwa kuwa zawadi ya namna hii hutaka uso wa mpokeaji, na uso wako, msomaji, siuoni.

Ninaye lakini sahibu mmoja ambaye uso wake niliusoma kwa miaka mingi kabla hajahamia Maskati. Katika ujana wetu alikuwa akija kwangu kila Jumatano baada ya sala ya isha, akiwa na kashata zilizofungwa katika karatasi, tukakaa mkekani na birika la kahawa baina yetu, na pembeni redio kaseti ambayo kifuniko chake kilikuwa kimekatika bawaba, nikikishikiza kwa mpira wa baiskeli. Usiku mmoja nilikuwa na kanda ya kuazimwa, nami nilikuwa nimeisikiliza wiki nzima kwa ajili ya wimbo mmoja tu, na katika wimbo huo kwa ajili ya mahali pamoja tu, pale ganuni inapojibizana na mwimbaji katika beti ya pili. Nilimwekea wimbo ule bila ya kumwambia nini cha kutazamia. Nikajifanya nashughulika na birika, na hali jicho langu liko kwenye wajihi wake. Ganuni ikaja, ikasema yote iliyokuwa nayo, ikapita. Sahibu yangu hakutikisika. Aliyewahi kumpa rafiki kitu anachokipenda, kisha akamwona anakipokea kama mtu anayepokea risiti, anajua namna moyo unavyoshuka wakati huo. Kisha, wimbo ulipokwisha kusonga mbele, akainua kidole chake cha shahada na kusema: "Yakhe, hebu irejeshe pale."

Nikafurahi, nikairejesha hadi kwenye ganuni.

"Sipo hapo. Mbele kidogo. Pale besi inaponyamaza."

Nilikuwa sijapata kusikia besi ikinyamaza. Nikabonyeza, kanda ikatoa ule mlio wake wa kukimbia kinyumenyume, nikaiachia, nikakosea, nikabonyeza tena. Na safari ya tatu nikasikia. Mwimbaji alipomaliza neno la mwisho la kituo, besi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ikitembea chini ya kila sauti kama hamali mwenye mzigo mzito asiyepumzika, iliacha mapigo mawili bila ya kuguswa uzi, na katika shimo lile dogo la kimya sauti ya mwimbaji ilining'inia ikiwa haina pa kukanyaga. Kisha besi ikarudi, ikaipokea. Jambo lote lile halikuchukua muda wa kupumua. Lakini tangu usiku ule mimi siwezi kuusikia wimbo ule ila nasubiri shimo lile, na nikilifikia mwili wangu huinama mbele kidogo, kama alivyoinama yeye. Nilimpa wimbo wa ganuni, naye alinirudishia wimbo wa besi, na wimbo ulikuwa mmoja.

Hiba za kawaida hazina tabia hii. Ukimpa mtu joho lako, huna joho. Ukimwazima kitabu, aghalabu huna kitabu. Wimbo ukimpa mtu hubaki nao, ila haubaki ule ule, maana sasa una masikio manne, na yale mawili ya ziada si yako wala huwezi kuyaamuru yasikie nini. Huu ndio ujasiri unaotakiwa kwa mwenye kutoa, na nadhani ndiyo sababu wako watu, wema katika mengine yote, wasiopenda kabisa kuwasikilizisha wenzao nyimbo wanazozipenda: wanachelea si kwamba rafiki hatauona uzuri, bali kwamba atauona mwingine.

Neno lile aliloniitia sahibu yangu, yakhe, ambalo Unguja hutumika sokoni, baharini na barazani hata limekuwa jepesi ulimini, asili yake ni mwito wa Kiarabu wenye maana ya "ewe ndugu yangu". Kutokana na mzizi huo huo lilipatikana jina la kikundi kongwe cha taarab kisiwani, Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, yaani ndugu wenye usafi wa moyo. Na jina hilo lilikwisha kuchukuliwa zamani na jamaa wa wanazuoni wa Basra katika karne ya 10, ambao waliandika risala zao juu ya hisabu, nyota, nafsi na dini bila ya kutia majina yao, na risala moja nzima wakaiandika juu ya muziki. Kabla ya mwaka 1905 taarab Unguja ilikuwa ya kasri. Masimulizi yetu husema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga ganuni, na aliporudi akawa anapiga mbele ya Sultani na wageni wake. Ukuta wa kasri ulikuwa mnene, na aliyekuwa nje alipata kilichovuja madirishani. Wale waliokusanyika mwaka 1905, wakachangishana, wakaagiza ala, wakafundishana, wangeweza kujiita kwa jina la mtaa wao, au la ala wanazozipiga, au la mfalme aliyekuwapo. Wakajiita ndugu. Mimi nahesabu kuwa hilo ni miongoni mwa majina adhimu kabisa yaliyopata kupewa kikundi cha wapigaji, kwa sababu limetangulia kutaja wanachokuwa wao kwa wao kabla ya kutaja wanachokifanya.

Babu yangu mzaa mama hakuwa mpigaji wa kitu. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na gramafoni. Katika utoto wangu chombo hicho kilikuwa kimekwisha kuwa mzee, na wenye uwezo walikuwa wamekihama zamani, lakini yeye aliendelea kukifuta vumbi kwa kitambaa cha melimeli na kukitia ufunguo kwa hesabu, kwani ukikaza kupita kiasi springi hukatika. Santuri zake nyingi zilikuwa za Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akawa akitembeza vyungu kuuza kabla sauti yake haijamfikisha mjini. Na mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo, wakawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuitia lugha ya Kiswahili katika santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akakiandika. Watu wanaposimulia habari ya santuri hizo husimulia sana habari ya mwimbaji, na ni haki yake. Mimi nataka kusimulia habari ya mtu aliyeibeba santuri kwapani.

Santuri za wakati ule zilifanywa kwa gundi itokanayo na wadudu wa Bara Hindi, nzito, nyeusi, na nyepesi kuvunjika mfano wa kigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika tatu na kitu, hivyo wimbo ambao ukumbini ungeendelea mpaka watu watosheke ulilazimika kukatwa, na mara nyingine ukagawanywa, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Jua liliweza kuzipinda. Babu alipotaka kumsikilizisha rafiki yake santuri mpya, alisubiri jua lipinduke, akaizonga kwa kanga mbili za bibi, akaibana kwapani, akatembea upande wenye kivuli kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mimi nikimfuata na kikopo cha bati chenye sindano. Sindano zilikuwa za chuma na hazikufaa kurudiwarudiwa, kwani sindano iliyochakaa huila santuri. Kwa hiyo baada ya kila upande nilikitikisa kikopo, nikamchagulia moja, naye akaifunga kwa skrubu ndogo kwa kucha ya kidole gumba.

Na hapa ndipo nilipojifunza adabu ambayo sijaisoma popote. Babu hakupata kuketi mahali atakapomwona mwenyeji wake usoni. Aliketi ubavuni pa chombo, akitazama santuri ikizunguka, na wimbo ulipokwisha alijishughulisha kuigeuza, wala katika miaka yote niliyofuatana naye sikumsikia akiuliza, "Umeupenda?" Nilimwuliza siku moja kwa nini haulizi. Akaniambia kwamba ukimwuliza mtu swali hilo unamlazimisha achague moja katika mawili, ama akuongopee ama akuudhi, na hali wimbo haujakaa naye hata usiku mmoja. Mwenye kupenda, alisema, utamjua: atakuomba uiache santuri mpaka kesho. Mimi nami, niliyekuwa nikimchungulia sahibu yangu juu ya birika la kahawa, niliyakumbuka maneno hayo nikiwa nimekwisha yavunja. Na leo, ambapo mtu humtumia mwenziwe wimbo kwa simu saa mbili na saa tatu akamwuliza kama ameusikia, nayakumbuka zaidi.

Sisemi kwamba watu wa zamani walisikilizana kuliko watu wa sasa. Walikuwako wachoyo wa santuri, nami niliwaona. Ila pwani hii imekuwa na njia nyingi za kumwambia mwenzio jambo kwa wimbo usioutunga, na iliyo ya ajabu kuliko zote ni kutunza. Asiyejua mila, akiingia katika hafla ya taarab, huona mwanamke amenyanyuka kitini katikati ya wimbo, akatembea polepole kwa kufuata mapigo, noti ameinua juu baina ya vidole viwili, akafika mbele, akaiweka mkononi mwa mwimbaji, akarudi vile vile polepole. Na mgeni hudhani kwamba anamlipa mwimbaji kwa uzuri wa sauti. Huenda. Lakini wenye kujua hutazama ameinuka katika beti gani. Hakuinuka bashrafuni, hakuinuka beti ya kwanza. Aliinuka neno fulani lilipotamkwa, na kwa kuinuka kwake amesema mbele ya ukumbi mzima: maneno haya ni yangu. Na ukumbini humo yuko mtu mmoja, pengine safu ya tatu, pengine karibu na mlango, aliyefahamu kwamba maneno hayo yamekuja kwake. Wimbo uliotungwa na mtu wa tatu kwa sababu zake mwenyewe umebadilika ukawa barua baina ya wawili. Aghalabu huwa barua ya ugomvi, na mafumbo ya ugomvi yamepata umaarufu mkubwa. Lakini nimeona kwa macho yangu mama wa makamo akitunza kwa ajili ya shoga yake aliyekuwa amefiwa, akarudi kukaa karibu naye, na wote wawili wasitazamane mpaka wimbo ulipokwisha.

Redio nayo ilipokuja ilikuwa na kutunza kwake. Mtu wa Tanga au wa Kigoma alinunua kadi ya salamu, akajaza majina ya jamaa na marafiki kwa herufi zilizobanana ili wote watoshe, akataja wimbo aliouchagua, akaitia posta, kisha akakaa kwa wiki kadhaa kila adhuhuri karibu na redio asije akapitwa na jina lake mwenyewe. Ilipofika siku ile, wimbo uliokwisha kusikiwa na nchi nzima mara mia ulipigwa tena, na kwa dakika nne ulikuwa wa watu wanane tu.

Mpwa wangu, kijana anayeishi Dar es Salaam, alikuja Unguja mwaka jana kwa siku za Idi, na usiku mmoja akaniomba ruhusa ya kunisikilizisha kitu. Aliniomba kwa heshima nyingi, "Mjomba, kama hutochoka," nami nikatambua katika sauti yake ile hofu ninayoijua. Kilikuwa singeli. Kwa dakika ya kwanza sikusikia ila mbio: ngoma zimekimbia kupita pumzi ya binadamu, na mwimbaji juu yake akirusha maneno kama mtu anayemwaga mchele. Nilikuwa karibu na kumwambia kwamba masikio yangu yamezeeka. Akasema, "Mjomba, sikiliza hapa chini," akaupunguza mwendo wa wimbo katika simu yake, sijapata kuona jambo hilo likifanywa, mpaka ile sauti nyembamba iliyokuwa ikizunguka kama nyuki ikatulia, ikajinyoosha, ikawa kinanda cha taarab. Alinieleza kwamba muziki ule katika vitongoji vya Dar es Salaam ulianza kwa watu kuchukua vipande vya taarab visivyo na maneno, wakavizungusha na kuviharakisha, wakaimba juu yake katika sherehe za mitaani. Akaurudisha mwendo wake wa asili. Sikuupenda wimbo ule, na sikumdanganya. Wala yeye hakuniuliza. Lakini nilijua sasa sikio lake linafuata nini ndani ya kishindo kile, na alipolala nilibaki barazani nikimfikiria babu, kwa jinsi kijana yule alivyokuwa ameigeuza simu ilalie upande wangu na yeye mwenyewe ameketi ubavuni, anatazama njia.

Sasa niirudie bashrafu yangu. Wiki iliyopita nilimtumia sahibu yangu wa Maskati. Nilianza kuandika maneno ya kuitangulizia, habari ya ganuni na ule mwitikio wa fidla, nikayafuta yote, nikaituma tupu. Zikaonekana zile alama mbili za buluu, ikapita siku, zikapita mbili, tatu, nne, bila ya neno. Mara mbili niliushika mkono wangu usimwulize. Jumatano, saa ya baada ya isha kwa saa za kwetu, ikanijia sauti aliyoirekodi, ya dakika mbili na nusu. Hakunisalimu, na yeye si mtu wa kuacha salamu. Kilichosikika mwanzo ni feni, kisha kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, kisha kwa mbali kidogo, kutoka katika chombo kingine chumbani mwake, ile mvua nyepesi juu ya makuti. Ganuni ikaingia na hatua zake tatu nne. Fidla zikaitikia. Nikaanza kuitafuta besi, nikidhani nimekwisha mfahamu. Besi ikapita salama, haikunyamaza. Bashrafu ikaendelea mpaka mahali ambapo mimi nilikuwa nimepapita mara nyingi zisizo na idadi bila ya kusimama, ndipo muziki ukakatika, pakawa na kimya kifupi cha kidole kinachotafuta, ukaanza tena nyuma kidogo. Ukafika mahali pale pale, ukakatika tena, ukarejeshwa. Safari ya tatu aliuacha uende, na rekodi yake ikaishia hapo.

Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikaiweka simu sikioni, nikairejesha.